Hewa kavu ICU: Jinsi ya kumwokoa mgonjwa bila kumhatarisha muuguzi

MGONJWA anapolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi na kuunganishwa na mashine ya kupumulia, jamaa zake huuliza kuhusu oksijeni: kama ipo, kama inatosha na itagharimu pesa ngapi. Ni wachache mno wanaouliza kuhusu maji.

Hata hivyo, hewa isiyo na unyevu inaweza kuziba neli ya mgonjwa na kumuua ilhali mitungi ya oksijeni imejaa pomoni. Nayo njia ya kuitia hewa hiyo unyevu, isipochaguliwa na kutumiwa kwa makini, inaweza kumwambukiza maradhi muuguzi anayemhudumia.

Suala hili lilijitokeza wazi wakati wa janga la Covid-19, ambalo kisa chake cha kwanza kilithibitishwa nchini Kenya mnamo Machi 2020. Lingali na uzito mkubwa katika kaunti kame kama Kitui na Makueni, ambako joto, vumbi na uhaba wa maji safi ni mambo ya kila siku.

KAZI YA PUA

Ili kulielewa tatizo, yafaa kuanza na pua. Mtu mwenye afya anapovuta pumzi, hewa hupita puani na kooni ikipashwa joto, ikitiwa unyevu na kuchujwa vumbi. Inapofika ndani ya mapafu huwa na nyuzi 37 za Selsiasi, na kila lita yake hubeba takriban miligramu 44 za maji.

Unyevu huo si anasa. Njia za hewa zimetandazwa ute mwembamba, na chini ya ute huo mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo huusukuma ute juu kuelekea kooni, ukiwa umebeba vumbi na viini vya maradhi. Hewa ikiwa kavu, ute huganda, vinyweleo hulemaa na uchafu hubaki mapafuni.

Mgonjwa wa mashine amenyang'anywa kinga hiyo. Neli hupitishwa mdomoni mwake hadi kwenye koo la pumzi, hivyo hewa haigusi pua kamwe. Isitoshe, oksijeni itokayo kwenye mtungi au bomba la ukutani ni baridi na kavu kabisa, kavu kuliko upepo wowote uvumao Tharaka au Tsavo wakati wa kiangazi.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa mzigo huo. Mgonjwa anayepewa lita 10 za hewa kwa dakika huhitaji zaidi ya mililita 600 za maji kwa saa 24 ili hewa yote ifikie kiwango cha kawaida. Asipopewa na chombo, maji hayo yatatolewa na mapafu yake yenyewe, ambayo tayari ni magonjwa.

Matokeo huanza kuonekana baada ya muda mfupi. Makohozi huwa mazito kama gundi na kuanza kujipaka ndani ya neli. Neli ya mtu mzima huwa na upana wa takriban milimita nane. Utando wa milimita moja tu pande zote huupunguza upana huo hadi milimita sita, na kwa mujibu wa kanuni za fizikia, nguvu inayohitajika kupitisha hewa ile ile huongezeka karibu mara tatu. Utando ukizidi, neli huziba kabisa.

Wakati huo muuguzi hana budi kuitoa neli na kuweka nyingine upesi. Hiyo ni mojawapo ya kazi zinazomweka mhudumu karibu zaidi na pumzi ya mgonjwa.

NJIA MBILI

Kuna njia kuu mbili za kurejesha unyevu. Ya kwanza ni kichujio kidogo ambacho wataalamu hukiita pua bandia. Huwekwa kati ya neli ya mgonjwa na mipira ya mashine. Mgonjwa anapotoa pumzi, karatasi au sponji iliyomo ndani hunasa joto na mvuke. Anapovuta pumzi nyingine, hewa kavu hupita hapo na kurudishiwa joto na mvuke ule ule.

Kifaa hiki hakihitaji umeme wala maji. Vile vile, aina zake zenye kichujio cha viini hunasa zaidi ya asilimia 99 ya bakteria na virusi kabla havijafika kwenye mipira, mashine au hewa ya chumbani. Kwa sababu hiyo, hospitali nyingi duniani zilikikimbilia kifaa hiki Covid-19 ilipozuka.

Njia ya pili ni chombo cha kupasha maji moto. Hewa hupitishwa juu ya maji yaliyotakaswa viini, yaliyowekwa kwenye bakuli lililokaa juu ya bamba la moto, kisha hupelekwa kwa mgonjwa ikiwa na joto na mvuke. Mwongozo wa wataalamu wa huduma za kupumua wa Marekani uliotolewa mwaka 2012 unapendekeza chombo hiki kitoe kati ya miligramu 33 na 44 za maji kwa kila lita ya hewa. Kwa pua bandia, kiwango cha chini kinachopendekezwa ni miligramu 30.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwa anayeisoma. Kwa mgonjwa mwenye nimonia kali anayekaa kwenye mashine siku 10 au zaidi, ni tofauti kati ya makohozi yanayofyonzeka na makohozi yanayoziba.

Jambo hilo liligunduliwa kwa uchungu mwaka 2020. Madaktari wa Uingereza, miongoni mwa wengine, waliripoti kwamba neli za wagonjwa wa Covid-19 waliowekewa pua bandia zilikuwa zikiziba. Baadhi ya hospitali zililazimika kurudia maji moto, licha ya hofu ya maambukizi.

HATARI KWA WAHUDUMU

Hofu hiyo haikuwa bure. Mvuke wa maji moto hupoa ndani ya mipira na kugeuka matone. Maji yanayokusanyika kwenye mpira unaorudisha pumzi ya mgonjwa huwa yamechanganyika na viini vyake. Muuguzi anapoufungua mpira ili kuyamwaga, shinikizo la mashine laweza kuyarusha hewani na usoni mwake.

Historia ina mifano ya jinsi tiba inavyoweza kusambaza maradhi. Mnamo Machi 2003, wakati wa mlipuko wa Sars, mgonjwa mmoja katika hospitali ya Prince of Wales mjini Hong Kong alipewa dawa kwa nebulaiza, kifaa kinachoigeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa. Wodi hiyo ikawa kitovu cha maambukizi yaliyowapata watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wahudumu wa afya na wanafunzi wa udaktari.

Nchini Kenya, daktari wa kwanza kufariki kutokana na Covid-19 alipoteza maisha Julai 2020. Desemba mwaka huo, daktari kijana wa umri wa miaka 28 aliyekuwa akihudumu katika kaunti ya Machakos, inayopakana na Kitui na Makueni, naye alifariki. Kifo chake kiliibua hasira kote nchini, na kabla ya mwezi kuisha chama cha madaktari KMPDU kiliitisha mgomo kikidai vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu.

Pengo la mhudumu mmoja katika maeneo kama hayo si dogo. Utafiti wa wanasayansi wa Kenya uliochapishwa mwaka 2020 ulibaini kuwa nchi nzima ilikuwa na vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kupumulia, na kwamba kaunti 22 pekee kati ya 47 zilikuwa na angalau chumba kimoja cha ICU. Mwaka huo huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walizindua mashine waliyoiunda wenyewe na kuiita Tiba Vent.

Lakini mashine, iwe imeundwa Nairobi au ng'ambo, haifai kitu bila muuguzi anayejua kuilinda neli ya mgonjwa na kujilinda mwenyewe.

BARAKOA ZA KITUI

Katika suala la kujilinda, Kitui ilijipatia sifa. Kiwanda cha nguo cha kaunti, KICOTEC, kilichoanzishwa wakati wa utawala wa gavana Charity Ngilu, kiliacha kushona sare mnamo 2020 na kuanza kutengeneza barakoa za hospitali. Habari zake zilienea hadi ng'ambo, kwani wakati huo mataifa tajiri yalikuwa yakizigombania.

Hata hivyo, ni muhimu kuelewa barakoa hiyo inakinga nini. Barakoa ya kawaida ya hospitali huzuia matone makubwa ya mate na makohozi. Haimbani mvaaji usoni, hivyo chembechembe nyepesi zinazoelea hewani zaweza kupenya kandokando. Kwa muuguzi anayeingiza neli, kufyonza makohozi au kufungua mipira ya mashine, kinachohitajika ni barakoa ya aina ya N95 inayoshika uso barabara, pamoja na miwani au ngao ya uso, glavu na joho lisilopenyeka maji.

Vazi hilo nalo ni ngome ya mwisho tu. Ngome ya kwanza ni kuzuia pumzi ya mgonjwa isitoke nje ya mipira.

KUFUNGA MIANYA

Mbinu za kufanya hivyo zinajulikana, na nyingi si ghali. Kwanza ni kichujio. Anayetumia pua bandia huhakikisha ni ile yenye kichujio cha viini. Anayetumia maji moto huweka kichujio pale ambapo pumzi ya mgonjwa hurudi kwenye mashine, na kukibadilisha kabla hakijalowa na kuziba.

Pili ni ufyonzaji wa makohozi bila kuifungua mipira. Kuna mrija maalumu unaokaa ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa umeunganishwa na neli muda wote. Muuguzi huusukuma ndani, hufyonza na kuurudisha, na mashine haikatizwi.

Tatu ni utaratibu wa kutenganisha. Inapobidi mgonjwa atolewe kwenye mashine, mashine husimamishwa kwanza na neli hubanwa kwa koleo. Mipira hufunguliwa upande wa mashine, huku kichujio kikibaki kwa mgonjwa. Kazi ikiisha, mipira huunganishwa, koleo huachiliwa na mashine huwashwa tena. Kukosea mpangilio huu ndiko kunakorusha pumzi yenye viini chumbani.

Nne, maji yaliyokusanyika kwenye mipira huhesabiwa kuwa taka zenye maambukizi. Hayarudishwi kwenye bakuli la maji moto wala kuachwa yatiririke kumwelekea mgonjwa, kwa kuwa yanaweza kumletea nimonia nyingine. Aidha, mipira haibadilishwi kila siku kwa mazoea, bali inapochafuka au kuharibika, kwani kila inapofunguliwa hatari huongezeka.

Tano ni hewa ya chumba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba vyumba ambamo shughuli kama hizi hufanywa vibadilishiwe hewa angalau mara 12 kwa saa vinapotumia mitambo, au vipate lita 160 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa vinapotegemea madirisha. Feni inayopuliza kutoka kwa mgonjwa kumwelekea mhudumu ni kosa.

Kuna onyo moja linalostahili kukaririwa. Pua bandia na maji moto havitumiwi pamoja kwa mgonjwa mmoja. Mvuke hukilowesha kichujio, nacho kikishiba maji huwa kama kizibo cha chupa. Kwa sababu hiyo hiyo, pua bandia huondolewa njiani mgonjwa anapopewa dawa ya nebulaiza.

MGONJWA YUPI, NJIA IPI?

Wagonjwa wanaohitaji mashine katika Ukambani si wa Covid-19 pekee, na mahitaji yao hutofautiana.

Mathalan, mkulima wa Mutomo anapoumwa na koboko, sumu hulemaza misuli ya kupumua ilhali mapafu yenyewe ni mazima. Huyu huenda akahitaji mashine kwa siku chache tu hadi sumu iishe nguvu. Pua bandia inamtosha.

Hali ni tofauti kwa aliyekunywa au kuvuta dawa ya kuua wadudu waharibifu wa mimea. Sumu hiyo huyafanya mapafu yatoe ute mwingi ajabu, ambao utaijaza pua bandia kwa muda mfupi. Maji moto humfaa zaidi.

Majeruhi wa ajali aliyefikishwa katika hospitali ya Makindu, kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, huenda akahitaji kuhamishiwa hospitali kubwa kwa ambulensi. Safarini bakuli la maji moto halifai, kwani maji yanaweza kumwagikia kwenye mipira gari linapoyumba. Pua bandia ndiyo ya safari.

Naye mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, maradhi ambayo bado ni tishio kubwa nchini, anahitaji kichujio bila kujali unyevu wake unatoka wapi.

Pua bandia pia haimfai mgonjwa anayetapika damu kutoka mapafuni, aliyepoa sana mwili hadi chini ya nyuzi 32, au ambaye sehemu kubwa ya pumzi yake huvuja kabla ya kurudi kwenye kifaa. Tena kifaa chenyewe huchukua nafasi. Kikiwa na ujazo wa mililita 50, na mgonjwa akipewa pumzi ndogo za mililita 360 ili kuyalinda mapafu, karibu sehemu moja ya saba ya kila pumzi ni hewa iliyotumika inayorudi tena.

JOTO, UMEME NA MAJI

Mazingira ya Kitui na Makueni huongeza ugumu wa uamuzi. Mtu angedhani kuwa chumba chenye joto hukisaidia chombo cha maji moto. Kinyume chake ndicho kweli kwa aina nyingi za vyombo hivyo. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa hewa inapoingia kwenye chombo ikiwa tayari ina joto, kipima joto hudanganyika na bamba la moto hupunguza kazi. Hewa hutoka ikiwa na joto linalofaa lakini mvuke mchache.

Kwa hiyo namba inayosomeka kwenye kioo haitoshi. Muuguzi mzoefu hutazama pia mpira ulio karibu na mgonjwa: ukiwa na umande kidogo, unyevu upo. Ukiwa mkavu kabisa, na makohozi yanazidi kuwa mazito, ipo kasoro.

Umeme nao ukipotea, bamba hupoa mara moja, hata kama mashine yenyewe inaendelea kwa betri. Ni busara kuwa na pua bandia karibu na kila kitanda kwa dharura kama hiyo, mradi bakuli la maji liondolewe njiani kwanza.

Kuhusu maji, sehemu nyingi za kaunti hizo mbili hutegemea mabwawa ya mchanga, mito ya msimu na visima ambavyo baadhi yake vina chumvi. Maji ya aina hiyo hayafai kutiwa kwenye chombo. Chumvi huganda kwenye bamba, na bakteria hustawi kwenye maji vuguvugu. Kinachotakiwa ni maji yaliyotakaswa viini, zaidi ya nusu lita kwa mgonjwa kwa siku, na hospitali isiyoweza kuyapata kila siku haina budi kuzingatia hilo kabla ya kununua mashine.

Maji hayo yanaweza pia kuokolewa mahali yasipohitajika. Wagonjwa wengi wa wodi za kawaida hupewa oksijeni kidogo kupitia mirija ya puani. Pua zao zingali zinafanya kazi. Kwa mtu mzima anayepata lita nne kwa dakika au chini ya hapo, chupa ya maji yanayochemka mapovu kwa kawaida haihitajiki, na ikijazwa maji machafu hugeuka kuwa kitalu cha viini.

BEI YA KIFAA KIDOGO

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Covid-19 Mei 2023. Mashine zilizonunuliwa wakati wa janga zilibaki, lakini vichujio, mirija ya kufyonzea na maji yaliyotakaswa huisha na kuhitaji kununuliwa tena kila mwezi.

Hapo ndipo mipango mingi hukwama. Mashine ya kupumulia huzinduliwa kwa sherehe na kupigwa picha, ilhali hakuna anayekata utepe kwa ajili ya katoni ya vichujio. Bajeti isipovitengea fedha, muuguzi hubaki na machaguo mawili mabaya: kukitumia kichujio kilichochakaa hadi kizibe, au kumwacha mgonjwa avute hewa kavu.

Makueni ilionyesha mwaka 2016 kwamba kaunti yaweza kupanga afya kwa kutazama mahitaji ya kawaida, ilipozindua mpango wa matibabu ambapo kila familia ililipa Sh500 kwa mwaka. Kitui nayo ilionyesha kwamba vifaa vya kinga vyaweza kushonwa nyumbani.

Jamaa za mgonjwa nao wana la kufanya. Wanapoingia ICU wanaweza kumuuliza muuguzi jinsi hewa ya ndugu yao inavyotiwa unyevu na kichujio kilibadilishwa lini. Wakiombwa watoke nje makohozi yanapofyonzwa, hawana sababu ya kuudhika. Ombi hilo linawalinda wao, kama vile kichujio kinavyomlinda muuguzi atakayebaki humo ndani.